Kidevu cha Nasra

Nyumba ya akina Alfani pale Kabondo haijawahi kufunga mlango wa mbele tangu ijengwe. Ukipita asubuhi utawakuta mashangazi wakichambua majani ya sombe, mchana utawakuta wageni wa Kindu ambao hata mizigo hawajafungua, na jioni utamkuta mtu usiyemjua anakula lituma ya ndizi kwenye sahani yako mwenyewe, huku akikuuliza wewe ni mtoto wa nani. Raha tupu! Lakini nyumba ya namna hiyo ina kasoro moja: haina pa kufukia neno. Ukilidondosha sebuleni saa mbili, saa nne limeshavuka mto, na wala halikungoja pirogi.

Alfani alilijua hilo tangu hajaota meno. Ndiyo maana Jumanne ile, aliposimama mlangoni mwa watu kule Lubunga, ng'ambo ya mto, viatu vimejaa tope la ufukoni na shati limemganda mgongoni, hakuwa na wa kumlaumu isipokuwa ulimi wake.

Mlango ulizibwa na Fanny, binamu yake Nasra, mwanamke wa mwili mkubwa, mwenye sauti iliyokomazwa na kuita wateja wa samaki.

"Ni nani ule?"

"Ni miye, Alfani."

"Alfani gani? Ule fundi wa viti? Ule aliyepotea miezi nane?" Fanny akageuka, akapaza sauti ili hata majirani wasipitwe. "Nasra! Bwana harusi wako amefika! Batu ya Kabondo banaendaka polepole, lakini banafikaka!"

Wanawake wawili waliokuwa wakisukana uani wakacheka hadi kitana kikaanguka.

"Yaya Fanny, dada yangu, nakuomba," Alfani akasema, macho chini. "Dakika kumi tu."

"Kumi! Ulimumaliza na neno la dakika mbili, sasa unaomba kumi za nini?"

Sauti ikatoka ndani, ya chini, ile ile iliyokuwa ikimfanya Alfani aache randa katikati ya ubao. "Fanny, muache apite."

Nasra alikuwa mezani karibu na dirisha, anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake wa mwaka wa tatu. Hakuinuka. Na kitu cha kwanza alichokiona Alfani hakikuwa macho yale makubwa aliyoyaota miezi yote nane. Kilikuwa ni mtandio.

Zamani Nasra alikuwa akiufunga mtandio chini ya kidevu na kuubana kwa pini mbili, hata kwenye joto la mwezi wa pili linaloyeyusha lami. Wanawake wa Kabondo walimtolea mfano kwa binti zao: "Ona heshima ya mutoto wa watu!" Leo mtandio ulikuwa umelala mabegani tu. Kidevu kilikuwa wazi, kwenye mwanga wa dirisha, na juu yake vinyweleo vifupi vyeusi, vya siku mbili hivi tangu wembe upite. Upande wa kushoto palikuwa na bato la rangi ya kahawa, upana wa ukucha, mahali ngozi ilipoungua ikapona vibaya.

Alfani alitazama, kisha akahamishia macho kwenye kalenda ya ukutani.

"Angalia tu," Nasra akasema, kalamu nyekundu bado mkononi. "Ulikitafutia dawa kwa bidii. Sasa unakikimbia?"

Mwanamume akatafuta kiti, akakaa bila kukaribishwa.

Wasomaji wangu, tusimhukumu kabla ya kujua alivyopenda. Walikutana kwenye shule alikofundisha Nasra, Alfani alipokwenda kutengeneza madawati. Madawati yalikuwa ishirini, kazi ya wiki moja, naye akaifanya mwezi. Hata mkurugenzi wa shule akashangaa: "Fundi, hizi ni dawati ama ni jahazi la Nuhu?" Walipendana miaka miwili. Alasiri moja walikwenda kwenye maporomoko ya Wagenia, wakaketi mwambani kutazama wavuvi wakipandisha mitego yao mikubwa juu ya miti, maji yakinguruma kiasi kwamba mtu wa tatu asingesikia kitu. Ndipo Nasra alipochomoa pini ya kwanza, kisha ya pili.

"Tangu niko na miaka kumi na sita," alisema siku ile, amefumba macho. "Ninanyoaka kila asubuhi mbele ya swala. Mama yangu tu ndiye alijua, na Mungu amemuchukua. Sasa unajua na weye. Kama unataka kuondoka, ondoka miye nimefumba macho."

Alfani hakuondoka. Alikipitishia kidevu kile mgongo wa mkono wake, taratibu, kama anavyopima ubao uliokwisha kupigwa msasa. "Miye naoa mutu," akasema, "sioe kidevu." Nasra akacheka mpaka machozi. Na Alfani akaapa, kwa jina la baba yake aliye kaburini, kwamba neno lile halitatoka kinywani mwake.

Lilitoka wiki mbili kabla ya ndoa. Lilitoka kwa huruma, na hilo ndilo linalomla mpaka leo. Aliona tone la damu kwenye mtandio, Nasra amejikata kwa haraka ya kujificha, na moyo wake ukashindwa kuvumilia. Akamwendea Shangazi Aziza, dada wa baba yake, mkunga wa zamani, mjuzi wa majani. "Shangazi, hii ni siri." Shangazi akaweka mkono kifuani: "Siri yako ni kaburi, mwanangu." Na alisema kweli tupu kwa kadiri alivyojijua. Ila alimweleza mama yake Alfani, kwa sababu mama ni mama. Mama akamweleza dada mkubwa wa Alfani, kwa sababu angeuliza tu. Dada mkubwa alikuwa na wageni.

Sasa, katika familia zile za zamani za Kisangani, kesho kukiwa ndoa, leo wanawake wa upande wa bwana huenda kumsugua bibi harusi. Manjano, sandali, nyimbo, vigelegele. Na chochote kinachopaswa kuondolewa mwilini mwake huondolewa na mkono wa shangazi wa bwana. Ni heshima. Asiyefanyiwa hujiona yatima.

"Unajua miye nilijua namna gani kama umesema?" Nasra akauliza. Alikuwa amefunga daftari. "Nilikuwa naimba pamoja nao. Nilikuwa nimejinyoa vizuri, nimepaka poda, nimesema leo itapita. Shangazi yako akasimama katikati ya batu arobaini, akasema: 'Wenzangu, musishangae. Mutoto wetu iko na ndevu, na Alfani mwenyewe ametutuma tumuponyeshe.' Alfani mwenyewe! Nyimbo ikakatika. Nikasikia mutu mumoja anameza mate."

"Nasra..."

"Ngoja. Umengoja miezi nane, ngoja kidogo tena. Majivu ya moto, na utomvu wa ile kamba ya porini. Nikasema hapana. Bakanishika. Unajua walinishika namna gani? Kwa upole, Alfani. Mama yako alinishika kichwa, ananibembeleza kama mutoto anayetobolewa masikio. Shangazi yako anachoma na anaomba dua. Hakuna mutu alinichukia mule ndani. Wangenichukia, ningepigana."

Uani Fanny alikuwa ameacha kuongea. Hata kuku walionekana kutega masikio.

"Shangazi analia mpaka leo," Alfani akasema kwa taabu. "Hali vizuri."

"Miye sikulia juu yake. Nililia juu yako. Siku tatu niliangalia njia. Nilisema atakuya, atasema ni uongo sikuwatuma, ama atasema ni kweli nimekosa. Neno moja tu. Ulikuwa wapi?"

Alikuwa sebuleni. Hilo Alfani hakulisema, lakini lilimjia lote: tonton zake wanne, wazee wa ukoo, kwenye viti alivyovitengeneza mwenyewe, dawa imeshindwa, mama yake amesimama kati na kanga begani, anaivunja ndoa, akitangaza kwamba mwanamke mwenye ndevu huzika waume, kwamba huyo ni dume ndani ya nguo ya kike, kwamba hatampeleka mwanawe kaburini kwa miguu yake. Na yeye Alfani, fundi anayejua kila kiungo cha kila kiti, alitazama vidole vyake vya miguu. Akasema moyoni, acha upepo upite. Upepo ukapita, ukaondoka na Nasra mpaka ng'ambo ya mto.

"Niliogopa," akasema.

"Kufa?"

"Hapana. Mama."

Kwa mara ya kwanza Nasra akatabasamu, tabasamu la upande mmoja. "Leo mama ameenda wapi, mpaka umevuka?"

"Ijumaa wanaenda kuniombea bibi wa kuoa. Kwa familia moja, njia ya Bafwasende. Sijui hata sura yake."

"Ulizia kwanza kidevu."

Lilimchoma, lakini alilistahili. "Nimekuya mbele ya Ijumaa. Na nimesikia kwa mutu mumoja, kuna daktari mwanamuke, anatibuka mambo ya hivi. Nilisema nikupeleke. Donc..."

Nasra akavuta mfuko wa plastiki chini ya madaftari, akatoa bahasha kubwa, akaiweka mbele yake. "Umechelewa na hiyo pia. Docteur Sandrine. Niko naye tangu mwezi wa tano."

Ndani mlikuwa na picha ya tumbo, nyeusi na kijivu, ambayo Alfani aliigeuza juu chini asijue kichwa chake kiko wapi.

"Hiki nini?"

"Ni miye ndani. Ona hapa, hii ni ovari. Hivi viduara vidogo kama shanga, ni mayai yalianza kukomaa, yakasimama njiani." Alisema kama anavyofundisha, kidole kikifuata mstari, na Alfani akajikuta anafuata kidole kuliko mstari. "Unajua docteur alianza kuniuliza nini? Kidevu hata hakukiangalia. Alisema: 'Mama, unaonaka siku zako kila mwezi?' Miye nikashangaa. Miaka kumi, kila mutu aliyejua aliangalia kidevu tu. Miye mwenyewe niliangalia kidevu tu. Kumbe nilikuwa nakaa miezi mine bila kuona damu, nasema ni bahati, nafunga Ramadhani yote bila kuacha hata siku moja!"

Alfani akacheka bila kutaka. Naye Nasra akacheka.

"Na... haiko jini?" akauliza polepole. "Haiko dume ndani?"

"Kila mwanamuke iko na homoni ya kiume kidogo, hata mama yako. Miye yangu imezidi. Ndiyo hiyo tu. Walitoa damu wakaipima, wakaangalia na sukari, kwa sababu ugonjwa huu unaletaka sana na ule wa sukari. Amenipa pilule ya kila siku kusawazisha, na kidonge kingine cha kuzuia ile ya kiume isishike manyoya. Na ninatembea. Lubunga yote inaniona natembea, wanasema mwalimu anatafuta bwana kwa miguu." Akajigusa kidevu, bila haraka. "Haiondoke mara moja. Manyoya yaliyokwisha kuwa magumu yanabakia, inahitaji wembe ama uzi. Lakini mbele nilinyoa kila siku, leo ni siku tatu. Na wembe hauyazidishe, ule ni uongo wa watu. Miaka yote nilinyoa huku naogopa wembe wenyewe. Angeniambia mutu..."

Alfani aliiweka picha mezani. Mkono wake ulikuwa karibu na wa Nasra, nafasi ya upana wa daftari. Mkono wa Nasra haukusogea.

"Ningekuuliza," akasema. "Ile siku ya damu kwa mtandio. Ningesema tu, Nasra, twende wawili hospitali. Njia ni ile ile niliyopita kwenda kwa Shangazi. Ile ile! Baiskeli ile ile ya toleka ingetubeba."

"Eh."

"Nilifikiri ninakusaidia."

"Najua. Hiyo ndiyo inaniumiza. Ungekuwa mubaya ningekusahau mbele ya mvua." Akatazama dirishani. "Kuna fundi hapa nyuma. Kila akipiga randa asubuhi, naamka nadhani ni weye. Halafu nakumbuka niko Lubunga."

Hapo Alfani akasogeza kiti. "Rudi, Nasra. Hapana Kabondo. Nimeona nyumba Makiso, vyumba viwili, mlango unafunga. Mama atakasirika, halafu ataacha. Miye nitamuambia: huyu ndiye bibi yangu, mwenye kutaka kuzikwa naye ni miye."

"Ungesema hivyo? Mbele ya tonton zako?"

"Mbele ya mji muzima."

Nasra akamwangalia kwa muda mrefu, akakagua uso ule kama anayetafuta ufa kwenye chungu anachotaka kukinunua. Kisha akashika ncha ya mtandio wake, akainama, akamfuta tope lililomrukia shavuni. Jambo dogo hilo! Lakini Alfani alifumba macho, na laiti dunia ingekoma pale, hadithi hii ingekuwa fupi na tamu.

"Kuna neno lingine," Nasra akasema kwa sauti ya chini, ili Fanny asisikie. "Kile kidonge cha pili, nikikimeza sipaswi kubeba mimba, kinaweza kumuharibu mutoto tumboni. Labda mwaka. Baadaye docteur atakiondoa, na kuna dawa ya kusaidia mayai yatoke. Amesema wengi banazaa. Lakini mwaka muzima, mama yako ataangalia tumbo langu kila Ijumaa. Na weye utajua sababu. Utaweza kukaa nayo?"

"Nitaweza."

"Peke yako?"

"Peke yangu, wallahi."

Nasra akashusha pumzi. Vidole vyake vikavuka ule upana wa daftari, vikagusa vya Alfani, na mwanamume akaona Ijumaa ikifutika, akaona vyumba viwili vya Makiso, akaona kikombe kimoja na vijiko viwili. Furaha ikamlegeza. Na mtu akilegea, hutoka kile kilichozoea kutoka.

"Alors," akasema, anatabasamu bado, "nikifika nyumbani, niwaambie nini?"

Vidole vikarudi.

Hakuelewa mara moja. Aliendelea kutabasamu kidogo, halafu tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe. "Nasema tu... wako batu kumi na mbili pale. Wanajua nimevuka. Wataniuliza, ni lazima niwape kitu. Si yote! Kitu kidogo tu. Ile ya homoni pengine, Mama akijua haiko jini..."

"Haukumaliza hata kutoka kwa mulango wangu," Nasra akasema, wala hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alikuwa akiirudisha picha kwenye bahasha, pole pole, kingo kwa kingo. "Unaona? Moyo wako ni muzuri, Alfani, sijaona muzuri kama ule. Lakini kinywa chako kinakaa kwa mama yako. Hata tukihamia Makiso, kitavuka barabara kiende kula kule."

"Nasra, nimekosea kusema. Nimefuta. Sikusema."

"Umesema." Macho yake yalijaa, lakini hayakumwagika. "Kidevu changu niliweza kukionyesha Lubunga nzima, umeona. Wanafunzi wangu wananiuliza, nawaambia. Lakini nichague miye mwenyewe, namuambia nani. Hiyo tu ndiyo niliomba kwako. Pale Wagenia, hiyo tu."

Alfani akasimama, kwa kuwa kukaa kulikuwa kumekuwa kuzito kuliko kusimama. "Basi... niwaambie nini?" akauliza tena, na safari hii lilikuwa swali la mtu aliyepotea njia.

Nasra akaichukua kalamu nyekundu. "Waambie haukunikuta."

Fanny alimsindikiza mpaka ufukoni. Hakumtania. Pirogi ilipotaka kuondoka alisema tu, "Ndugu, chunga mguu, kuna tope," kana kwamba Alfani hakuwa ametota tayari mpaka magotini.

Alipoingia nyumbani, magharibi ilikuwa haijaadhiniwa na sebule ilikuwa imejaa. Mama yake alikuwa anapakua, dada zake wanabishana ni nani atakayevaa nini Ijumaa, tonton mmoja amelala na kofia usoni. Shangazi Aziza alikuwa pembeni, amezeeka miaka kumi ndani ya miezi nane. Yeye ndiye aliyeinuka wa kwanza.

"Umemuona?" akauliza. "Mwanangu, umemuona mutoto? Kidevu chake kilipona?"

Nyumba nzima ikageuka. Hata tonton akaondoa kofia.

Na Alfani alikuwa nayo yote kinywani, imejaa, inasukuma meno: picha ya shanga, docteur, homoni ambayo hata mama yake anayo. Alikuwa na maneno ya kumsafisha Nasra mbele ya kila aliyemwita dume. Alikuwa na neno la kumponya Shangazi Aziza usiku ule ule. Alimtazama mzee yule na macho yake mekundu, akajua kwamba hajawahi kumnyima kitu.

"Sikumukuta," akasema.

Shangazi akaketi, taratibu, akiegemea ukuta.

"Si nilisema?" mama yake akasema, na kusukuma sahani ya lituma mbele yake. "Kula. Ijumaa tunatoka saa tatu, na koti lako..."

"Ijumaa musiende."

"Kwa sababu gani?"

Alfani akanawa mikono, akamega tonge. Walimuuliza sababu kwa upole, wakamuuliza kwa ukali, wakamtuma dada yake mpendwa amuulize kwa kunong'ona. Yeye akala mpaka sahani ikaisha, na sababu hakuwapa.